Mashini ya Ami: malipo manne na jina lisilosomwa

Ami yangu hakuibiwa simu. Hakumpa mtu nambari yake ya siri, hakuambiwa ameshinda gari, hakubonyeza kiungo chochote. Alituma pesa mwenyewe, kwa kidole chake, mara nne ndani ya siku tatu, na kila mara simu ilimwonyesha jina la mtu anayempelekea. Jumla yake shilingi 78,500.

Nina ruhusa yake kukiandika kisa hiki, kwa sharti nisimtaje jina. Nimelitii, ingawa Amu, mji wetu wa Lamu, ni ndogo na walio wengi barazani washajua ni nani. Mimi ni wakala wa M-Pesa mtaa wa Langoni. Nakaa dirishani kutwa nikipokea na kutoa pesa za watu, na utapeli wa kila namna naupata ukiwa bado moto. Hiki nimekichagua kwa sababu kilimpata mtu makini, na kwa sababu nilikaa na simu yake nikausoma mlolongo mzima wa maongezi, tangu salamu ya kwanza hadi pale walipoanza kufuta.

Haja yenye tarehe

Ami ni mvuvi. Dau lake la tanga amelitumia miaka mingi, na mwaka huo alikuwa amejinunulia boti ndogo ya faiba iliyokuwa imelala ufukweni kifudifudi, haina mashini. Ilikuwa Septemba, kusi linaelekea ukingoni. Kwa asiyeijua bahari yetu: kusi likivuma bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo hubaki ndani ya mikono ya bahari. Kaskazi likiingia maji hulala, na mwenye mashini huwahi kwenye miamba ya mbali akarudi na kamba na samaki wa bei kabla mwenye tanga hajafika. Kwa hiyo ami hakuwa anataka mashini tu. Aliitaka kabla ya kaskazi. Zamu yake ya mchezo, yaani upatu, ilikuwa imefika, akapokea 60,000, na akiba kidogo alikuwa nayo nyumbani.

Mashini aliyoitafuta ni Yamaha ya nguvu za farasi 15, iliyotumika. Malindi alikuwa ameulizia akatajiwa 180,000. Kwenye Facebook akaona ukurasa wa duka lililosema liko Mombasa, katikati ya mji, karibu na zile Pembe za Ndovu. Mashini ile ile, bei 135,000.

Watu wakisimuliwa kisa hiki huruka moja kwa moja kwenye bei: si ungeona ni rahisi mno? Haikuwa rahisi mno. Kama wangeandika 50,000 ami angecheka, akaendelea na shughuli zake. Wao walipunguza robo, kiasi ambacho mtu hujieleza mwenyewe: pengine wameiingiza kwa wingi, pengine mwenyewe ana shida ya pesa. Bei ile ilikatwa na mtu anayejua soko. Nikiulizwa ni wapi ami alipaswa kushtuka, sitaanza na bei.

Wala sitaanza na lugha. Ule usemi wa kwamba tapeli hujulikana kwa maandishi mabovu umepitwa. Huyu aliandika Kiswahili safi cha pwani, akaanza na “Masalkheri mzee wangu”, akauliza swali ambalo lilimteka ami pale pale: boti yako inataka shafti ndefu au fupi? Ami akaniambia baadaye kwamba baada ya swali hilo hakuwa na shaka tena, kwa kuwa mtu asiyejua mashini hawezi kuuliza vile. Kumbe swali lile liko kwenye kila tangazo la mashini za boti. Ni jambo la kwanza unaloulizwa ukitaka kununua. Lakini mwenye ujuzi akiulizwa swali la fani yake huona amekutana na mwenzake, na huacha kuuliza yake.

Malipo manne

Jumatatu usiku aliombwa 20,000 “ya kuishika”, kwani kuna mteja wa Kilifi anakuja asubuhi na pesa taslimu. Akatumiwa nambari ya simu ya kawaida. Si till, si paybill, zile nambari za kulipia biashara; ni laini ya mtu. Alipoingiza kiasi na nambari ya siri, likajitokeza jina la mwanamke, majina matatu, hata moja halikufanana na jina la duka. Akauliza, na hilo ni la kumsifu. Akajibiwa: huyo ndiye mhasibu wetu. Akatuma.

Jumanne ikaja picha: boksi kubwa limefungwa kwa utepe, jina la ami limeandikwa kwa kalamu nzito, “LAMU – MOKOWE” chini yake (Mokowe ni gati la bara, mabasi ya kuja Lamu huishia hapo). Ikafuata picha ya risiti ya mzigo ya kampuni ya basi. Akaambiwa atume 40,000 mzigo upakiwe, zitakazobaki 75,000 atalipa akishaiona mashini kwa macho yake. Hili la mwisho lilimtuliza kuliko yote. Mtu anayekubali kudai nusu baada ya kukabidhi mzigo, huyo amekuamini wewe, na ukiaminiwa unaona haya kutoamini. Zikaenda 40,000, kwa jina lile lile la mhasibu.

Jumatano asubuhi: mzigo wa thamani, basi linataka bima, 6,500, na zitarudishwa mzigo ukifika. Laini nyingine sasa, jina la mwanamume. Huyu ni msimamizi wa mizigo.

Jumatano jioni ndipo nilipowaona ni mafundi. Wakaandika kwamba basi limesimamishwa kizuizi cha Minjila na askari wanataka kibali cha mashini ya bahari, bila hicho watailaza kituoni. 12,000. Anayesafiri njia ya Mombasa kuja huku anajua Minjila. Anajua mabasi husimamishwa, watu hushuka, vitambulisho hutazamwa, mizigo hufunguliwa, kwa sababu ya hali ya usalama ya miaka mingi kwenye njia hii. Uongo ule ulipandishwa juu ya ukweli ambao ami ameupitia kwa miguu yake. Mtu wa Nakuru angeuliza maswali. Mtu wa Lamu alitikisa kichwa akasema, ndiyo kawaida yao. Shangazi ndiye aliyetoa hizo 12,000, na hakuambiwa ni za nini hasa.

Alhamisi asubuhi ami akaja dirishani kwangu. Ndiyo mara ya kwanza. Siku zote hizo alikuwa akiweka pesa kwa mawakala wengine ili nisijue. Akasema, “Mwanangu, ndoo,” yaani njoo, akanivuta kando ya ukuta. Basi lishafika Mokowe, mzigo uko stoo, wanataka 9,000 za kuuhifadhi, nimkopeshe, jioni atanilipa.

Nikamwambia, kama mzigo uko Mokowe, twende tukauchukue.

Akanitazama. Na hapo akasema maneno ambayo yamenikaa kichwani kuliko tarakimu zote za kisa hiki: maji nimeshayavulia nguo.

Methali iliyokuwa mtego

Methali ile tumeisikia tangu tukiwa wadogo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Hufunzwa kama wema: anza kazi uimalize, usiwe kigeugeu. Kwenye kisa hiki ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe ya yule mtu.

Tazama mpangilio wa pesa. 20,000 zililipwa kwa ajili ya mashini. 40,000 zililipwa nusu kwa ajili ya mashini, nusu kwa ajili ya zile 20,000 zisipotee. 6,500 hazikuwa za mashini kabisa. Zilikuwa za kuziokoa 60,000. 12,000 zilikuwa za kuziokoa 66,500. Kufikia Alhamisi ami hakuwa ananunua kitu. Alikuwa akilipa fidia ya pesa zake mwenyewe, na kila alicholipa kiliongeza kiasi cha kukombolewa. Kama Jumatatu wangemwambia alipe 78,500 kwa mara moja kabla ya kuiona mashini, angekataa, tena kwa matusi. Ziligawanywa vipande kwa sababu hiyo.

Na hakuna kizuizi cha mfumo ambacho kingemsimamisha. Tangu Agosti 2023 mtu anaweza kutuma hadi 250,000 kwa muamala mmoja wa M-Pesa. Viwango alivyotuma ami ni vya kawaida, vya karo na mahari na mifuko ya saruji. Hakuna kompyuta ingeona ajabu.

Ndiyo maana nasema mahali pa kushtuka palikuwa jina. Ukituma pesa kwa M-Pesa, jina ambalo laini imesajiliwa hujitokeza kabla muamala haujakamilika; huduma hiyo Safaricom iliipa jina Hakikisha, na ikiwa jina si ulilolitaraji una sekunde chache za kuuzuia. Wengi hulitumia kuangalia kama wamekosea tarakimu. Ami naye aliliangalia hivyo: nambari ni ile ile niliyotumiwa, basi sawa. Lakini jina lile lilikuwa kitu cha pekee katika maongezi yote ambacho tapeli hakukiandika yeye. Picha alizichagua, risiti aliitengeneza, hadithi aliitunga. Jina lililetwa na mfumo, na likasema wazi kwamba hapa hapana duka, kuna mtu binafsi. Ikabidi yule tapeli alifunike kwa maneno matatu, “ndiye mhasibu wetu”, na maneno matatu yakatosha.

Duka kubwa la mashini katikati ya Mombasa ambalo halina hata till ya jina lake ni kitu cha kutiliwa shaka. Sisemi kwamba till ni kinga kamili; till nazo husajiliwa na watu, na nimewahi kuona za majina ya ajabu. Wala sisemi mwenye jina lile ndiye mwizi. Laini nyingi zinazotumiwa kwenye wizi zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, pengine bibi kizee wa kijiji cha mbali aliyeacha kitambulisho chake mikononi mwa mtu siku moja. (Ukitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Wateja wangu wawili wamefanya hivyo mbele yangu wakakuta laini wasizozijua.)

Mokowe

Tulipanda boti ya abiria. Ni mwendo mfupi, lakini ami hakusema neno njia nzima. Alikuwa anaangalia mashini ya boti ile, nayo ni Yamaha.

Karani wa mizigo aliichukua simu, akaitazama risiti mara moja tu. Rangi ni za kampuni yao, nembo ni yao, lakini nambari ya risiti haikupangwa namna yao, na nambari ya simu iliyo chini si ya ofisi yao yoyote. Akatueleza utaratibu wao: anayetuma hulipa anakotumia; kukiwa na ziada, hulipwa dirishani na anayepokea, kwa risiti, mzigo ukiwa mbele yake. Hakuna bima ya kulipwa njiani kwa laini ya mtu. Akaangalia daftari. Hakuna mzigo. Akaongeza, kwa sauti ya chini ili ami asisikie, kwamba si wa kwanza kuja na risiti kama ile.

Nauli yetu sote wawili, kwenda na kurudi, haikufika shilingi elfu moja. Siku ya Jumatano asubuhi, kabla ya zile 6,500, safari kama hiyo au simu moja kwa ofisi ya basi ingeokoa 18,500.

Picha zilizokuwa zikisema

Usiku ule nilikaa na ukurasa wao. Nayaandika niliyoyaona kwa kuwa hayakuhitaji utaalamu, yalihitaji nusu saa.

Picha ya mashini ilipigwa kwenye gereji, na nyuma yake kuna gari dogo lililofunguliwa mlango. Usukani uko kushoto. Magari yetu Kenya usukani uko kulia. Mashini ile pengine ipo, lakini iko nchi nyingine. Nikaiweka picha kwenye Google Lens, ambayo hutafuta picha ilikotoka, ikaletwa kutoka tovuti ya mnada wa ng'ambo, ikiwa na maandishi nisiyoweza kuyasoma.

Facebook ina sehemu katika maelezo ya ukurasa inayoonyesha ukurasa ulifunguliwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Ule ulianza kama ukurasa wa vichekesho vya mpira. Jina la duka lilikuwa na umri wa wiki tatu. Wafuasi elfu kadhaa waliomvutia ami walikuwa wamekuja kucheka, si kununua mashini.

Maoni ya wateja, “nimepokea mzigo wangu, Mola awabariki”, yaliandikwa yote ndani ya siku mbili. Hakuna mteja aliyeweka picha ya mashini ikiwa kwenye chombo chake. Mvuvi gani huyo anunue mashini asiipige picha?

Asubuhi nikamwomba binamu yangu aliyeko Mombasa apite pale anwani ilipoelekeza. Jengo lipo. Ghorofa ya chini wanauza mapazia.

Kama ningekuwa karibu na ami siku ya Jumatatu ningemwomba atake kitu kimoja tu: picha ya mashini ile pamoja na karatasi iliyoandikwa jina lake na tarehe ya siku hiyo, kibao cha nambari ya mashini kikionekana. Mwenye mashini mkononi hufanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nayo hukasirika, au huanza kukueleza kuhusu mteja wa Kilifi. Boksi lenye jina halihesabiki, kwa sababu boksi unaweza kulijaza matofali, au usilijaze kitu.

Aibu na saa

Tulirudi kutoka Mokowe saa sita mchana. Muamala wa mwisho ulikuwa wa Jumatano jioni, yaani saa kumi na tisa hivi zilishapita. Kwa muamala uliokosewa, unaupeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwenda 456 na ombi la kurudishiwa linaanza. Tulifanya hivyo kwa yote manne, na kote jibu lilikuwa moja: pesa hazipo tena. Sikushangaa. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya makosa, na unaweza kuzuia tu kile kilichobaki kwenye akaunti ya mpokeaji. Wizi wa aina hii hautoi nafasi. Pesa zikiingia tu hutolewa au hurushwa laini nyingine, na ya pili hurusha ya tatu.

Ami alianza kuwa na shaka lini? Nilimuuliza siku nyingi baadaye, tukiwa tumekaa vizuri. Akasema, Jumatano asubuhi, jina lilipobadilika kutoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Usiku ule hakulala. Na bado jioni yake akatuma 12,000.

Basi hakukosa akili ya kutambua. Alitambua, akanyamaza. Mtu wa umri wake, anayekaa barazani Mkunguni na wenzake wakamuuliza rai za bahari, aende kumwambia mtoto wa ndugu yake kwamba ameliwa na mtoto wa simu? Tena pesa zenyewe ni za mchezo, na watu wa mchezo watauliza mashini iko wapi. Aibu ndiyo iliyompitisha kwa mawakala wengine, ikamfanya amfiche shangazi. Tapeli hakuhitaji kumwambia “usimwambie mtu”. Wengine huambiwa hivyo. Yeye alijiambia mwenyewe.

Kituoni tulipokewa vizuri. Tulipewa nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na hiyo ni muhimu kwa sababu bila hiyo huna pa kuanzia, wala kwa kampuni ya simu wala kwa wapelelezi. Tulipeleka nakala za jumbe nne zenye nambari za miamala, tarakimu na herufi kumi kila mmoja, pamoja na picha za maongezi. Hizo picha nilizipiga kwa simu yangu nikielekeza kwenye kioo cha simu ya ami tukiwa bado kwenye boti, na nilifanya vizuri: tulipofika gatini ujumbe wa sauti wote ulikuwa umeshafutwa upande wao, umebaki mstari mtupu. Nambari zao nilizipeleka pia kwa 333, ambako Safaricom hupokea taarifa za laini za utapeli.

Sheria ipo, haikosi. Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinashughulikia anayejipatia mali kwa udanganyifu, miaka mitatu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 ni kali zaidi, udanganyifu wa kompyuta unaweza kumfunga mtu hadi miaka kumi au faini ya hadi milioni 20. Ile ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inamdai muuzaji wa kwenye intaneti ampe mnunuzi maelezo yake kabla ya kuuziana. Yote hayo humfunga mtu aliyeshikwa. Wetu alikuwa majina mawili na ukurasa wa vichekesho.

Waliokuja baadaye

Wiki ya pili ami akaandika malalamiko yake chini ya ukurasa ule, kwa hasira, akaweka na nambari yake ya simu ili waliotapeliwa kama yeye wawasiliane. Sikujua. Ningejua ningemwambia aifute nambari.

Siku mbili baadaye akapigiwa. Sauti nzito, inajiita afisa wa makosa ya mtandao kutoka Nairobi. Anayajua majina yote mawili, anazijua 20,000 na 40,000. Pesa zimeshapatikana, zimezuiwa kwenye akaunti, zinataka tu ada ya kuzifungulia, 5,000, na zitarudi zote jioni hiyo hiyo.

Utapeli huu wa pili haujulikani sana huku kwetu, na kwa maoni yangu ni mchafu kuliko wa kwanza. Aliyeibiwa huwa mteja bora kwa mwizi: ameshaonyesha kwamba hutuma, ana jeraha linalotaka dawa, na habari zake zote wanazo, kwani ndio hao hao au wameuziana. Kule kujua tarakimu kamili ndiko kunakomfanya mtu aamini. Lakini nani mwingine azijue kama si aliyezipokea?

Ami alikuja nayo simu dirishani, iko hewani, kaifunika kwa kiganja. Hakunivuta kando safari hii. Kulikuwa na wateja watatu kwenye foleni, wote wanamjua. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, nimeambiwa nitume 5,000, jina litakalotoka nikusomee?

Nikamwambia asitume, amwulize afisa yuko kituo gani na nambari yake ya kazi, tutakwenda na OB yetu wampigie. Laini ikakatika kabla hajamaliza swali.

Wateja wale watatu hawakucheka. Mmoja, mama wa makamo anayeuza mahamri, alisogea akasema yeye mwezi uliopita aliletewa ujumbe kwamba mtu amemtumia 3,500 kwa makosa, akapigiwa na mtu anayelia, akazirudisha. Kumbe ujumbe ulitoka kwa nambari ya kawaida, haukutoka kwa M-Pesa, na salio lake halikuwa limeongezeka hata senti. Hakuwa amemwambia mtu yeyote hadi dakika ile. Nikamwonyesha pale pale jinsi ya kuangalia jina la aliyetuma ujumbe na kulitazama salio kwanza. Nikamwambia pia kwamba hata zikiwa zimeingia kweli, asizirudishe kwa mkono wake, aliyekosea aende 456 mwenyewe. Wapo wanaokuomba urudishe kwa laini nyingine, kisha nao huomba muamala wa kwanza ubatilishwe, ukalipa mara mbili. Yule kijana wa nyuma yake akauliza tuseme tena, polepole. Foleni ilisimama kama robo saa.

Boti ya faiba iko pale pale ufukweni. Kaskazi lile ami alivua kwa dau lake la tanga, na watu wa mchezo walikubali kumbadilishia zamu, kwa shingo upande.

Ukurasa nimeutafuta tena juzi. Umebadilika jina, sasa ni duka la Kisumu la mashini za ziwani. Picha ni ile ile, gari liko wazi mlango, usukani kushoto. Bei wameipandisha: 140,000.